Majani Yako Usiyafiche: Mazungumzo Kuhusu Kisukari na Miti Shamba

Yafuatayo ni maneno ya muuguzi wa kliniki ya kisukari aliyezungumza na wakaazi katika baraza la afya mtaani Manyatta. Tumeyachapisha kwa manufaa ya wakaazi wote wa kaunti, hasa wale ambao hawakuweza kufika.

 

Nimeombwa nizungumze kuhusu miti shamba na ugonjwa wa sukari. Najua wapo waliokuja hapa wakidhani muuguzi atasimama awagombeze kwa sababu ya chupa walizo nazo nyumbani. Sikuja kugombeza mtu. Zamani niligombeza sana, na nitaanza kwa kuwaeleza ilivyonigharimu.

Mama yangu alikuwa mchuuzi wa omena. Alipatikana na sukari akiwa amepita miaka hamsini, akapewa vidonge vya kumeza kila siku. Mimi nilikuwa tayari muuguzi. Kila nilipomtembelea nilimuuliza, "Mama, dawa umemeza?" Naye hujibu, "Nimemeza." Siku moja nilipiga magoti kutafuta beseni chini ya kitanda chake, nikakuta chupa nne kubwa za soda zimejaa maji meusi ya majani yaliyochemshwa. Nyuma ya chupa kulikuwa na vidonge vya miezi mitano, pakiti hazijafunguliwa. Siku hiyo ndiyo nilipoona pia kuwa ana kidonda kwenye kidole cha mguu, amekuwa akikiosha kwa maji yale yale. Nilipompima sukari, mashine haikuonyesha nambari. Iliandika herufi mbili tu, HI, maana yake sukari imepita kiwango ambacho mashine inaweza kuhesabu.

Mguu wake ulikatwa chini ya goti. Alipopata nafuu nilimuuliza kwa nini alinificha. Akasema, "Nilikuja kliniki siku moja kukuletea chakula, nikakusikia ukimfokea mama mmoja kwa sababu ya mwarobaini. Nikajiambia, hata mimi atanifokea vivyo hivyo."

Mwarobaini haukumkata mama yangu mguu. Miezi mitano bila dawa na bila kupimwa ndiyo iliyomkata, na mdomo wangu ulichangia. Wahenga walisema, mficha maradhi kifo humuumbua. Lakini mtu huficha kwa sababu anaogopa, na sisi wahudumu wa afya tusipokuwa waangalifu ndio tunaomfanya aogope. Kwa hivyo leo tuzungumze wazi.

Ugonjwa usiouma

Ukila ugali, chapati, viazi au ndizi, chakula hicho huyeyuka tumboni kikawa sukari, na sukari hiyo huingia kwenye damu. Ili iingie mwilini ifanye kazi, inahitaji insulini, ambayo hutengenezwa na kongosho. Insulini ni kama ufunguo wa mlango. Ufunguo ukikosekana, au kitasa kikikataa kufunguka, sukari hubaki ikizunguka kwenye damu, na mwili unalala njaa huku chakula kimejaa mlangoni.

Kuna aina mbili kubwa. Aina ya kwanza huwapata zaidi watoto na vijana: kongosho limeacha kabisa kutengeneza insulini. Mgonjwa huyu huishi kwa sindano ya insulini. Akiikosa siku chache tu anaweza kufa. Hakuna jani lolote duniani lililothibitishwa kuchukua nafasi ya sindano hiyo. Mzazi mwenye mtoto wa namna hii, tafadhali, hapo hatuna mjadala. Aina ya pili ndiyo tunayoiona zaidi kwa watu wazima: insulini ipo lakini haitoshi, au mwili umeizoea na hauisikii.

Shida ya aina ya pili ni kwamba kwa muda mrefu haiumi. Mtu anaweza kutembea na sukari ya 15 mwaka mzima, akaenda kazini, akacheza na wajukuu, huku mishipa ya macho, ya figo na ya miguu inaharibika polepole. Utafiti wa kitaifa wa mwaka 2015 kuhusu magonjwa yasiyoambukiza ulionyesha kwamba zaidi ya watu 8 kati ya 10 nchini hawakuwa wamewahi kupimwa sukari hata mara moja maishani. Maana yake, wengi hujua wana sukari siku macho yanapofifia au kidonda kinapokataa kupona.

Na hapa ndipo majani yanapotudanganya, hata yasipokuwa na nia mbaya. Mtu anakunywa kikombe asubuhi, anajisikia vizuri, anasema imemponya. Lakini alikuwa akijisikia vizuri hata kabla ya kunywa! Wakati mwingine huyo huyo, alipoanza majani, alipunguza pia sukari kwenye chai, akaacha soda, akaanza kutembea. Sukari inashuka, sifa zote zinapewa chupa. Kujisikia vizuri si kipimo. Kipimo ni nambari. Ukipimwa kabla ya kula asubuhi, sukari ikifika 7.0 au zaidi ni dalili ya kisukari. Ukipimwa saa yoyote ikafika 11.1 au zaidi, nawe una kiu na unakojoa mara kwa mara, huo ni ugonjwa, na daktari atathibitisha.

Dawa ya hospitali ilitoka kwenye mmea

Watu hunisimamisha njiani Kondele wakaniuliza, "Sista, kwa nini nyinyi wa hospitali mnachukia miti shamba?" Huwa nawauliza, "Wajua ile metformini unayopewa kliniki ilitoka wapi?"

Ilitoka kwenye mmea. Huko Ulaya kuna mmea wa maua ya zambarau unaoitwa Galega. Wazee wa huko waliutumia tangu zamani, kama vile bibi zetu walivyotumia majani ya hapa. Wanasayansi walipouchunguza wakakuta ndani yake kuna kitu kinachoshusha sukari. Walipokijaribu kwa wagonjwa miaka ya 1920, wakaona kina sumu. Hata kondoo wakila mmea huo kwa wingi hufa. Kwa hivyo hawakuendelea kuchemsha majani. Walitafuta kitu kinachofanana nacho, ambacho ni salama zaidi na kinachopimika. Metformini ilitengenezwa maabara kwa mara ya kwanza mwaka 1922, kisha daktari Mfaransa aitwaye Jean Sterne akachapisha mwaka 1957 matokeo ya kuwatibu nayo wagonjwa wa kisukari. Leo ndiyo dawa inayotumiwa zaidi duniani kuanza matibabu ya kisukari cha aina ya pili.

Dawa ya malaria ni vivyo hivyo. Ile tunayomeza hapa kwetu kila mbu wanapozidi imetokana na mmea wa Wachina, na Tu Youyou, mama aliyeongoza kazi hiyo, alipewa Tuzo ya Nobel mwaka 2015. Kwinini ilitoka kwenye gamba la mti.

Basi hatuchukii miti. Kuna tofauti moja tu. Kidonge cha miligramu 500 ni miligramu 500 leo, kesho na mwezi ujao. Jani la mti ulio karibu na mto si sawa na jani la mti ulio kwenye mawe. Lililochumwa wakati wa mvua si sawa na la kiangazi. Huyu anachemsha dakika kumi, yule anachemsha saa moja. Kikombe chako hujui kina nguvu kiasi gani, na mwenye kukuuzia hajui pia.

Majani ya kwetu, moja baada ya jingine

Ujuzi wa wazee wetu ni hazina, sitaki mtu aondoke hapa akidhani nimeudharau. Profesa John Kokwaro wa Chuo Kikuu cha Nairobi alichapisha mwaka 1976 kitabu kizima kuhusu mimea ya dawa ya Afrika Mashariki. Hata sheria yetu ya afya ya mwaka 2017 inaitambua tiba ya kiasili. Basi tuyaangalie yale ninayoyakuta zaidi katika nyumba za wagonjwa wangu.

Mwarobaini na olusia. Haya ni machungu, na watu wengi huamini kwamba kwa kuwa sukari ni tamu, uchungu utaifukuza. Mwili haufanyi kazi hivyo. Utamu wa ulimini na sukari ya kwenye damu ni mambo mawili. Ni kweli wanyama wa maabara waliopewa majani haya walionekana sukari ikishuka. Lakini kutoka panya wa maabara hadi mama wa Manyatta mwenye presha na figo dhaifu ni safari ndefu, na safari hiyo bado haijakamilika.

Karela, ile mboga chungu yenye ngozi ya mikunjo ambayo ndugu zetu wenye asili ya Kihindi huipika. Ukiila kama mboga, kula kwa raha. Imechunguzwa kwa watu, na majaribio yaliyokusanywa pamoja hayakuonyesha faida ya kutegemewa. Wanaokunywa maji yake yaliyokamuliwa juu ya vidonge wajihadhari, maana kwa baadhi ya watu sukari imeshuka kupita kiasi.

Mdalasini. Watafiti walikusanya majaribio 10 yenye watu 577 wenye kisukari. Hawakupata ushahidi wa kutosha wa kusema unasaidia. Utie kwenye chai kwa ladha, na ukiufanya uwe sababu ya kupunguza vijiko vya sukari, hapo umekusaidia.

Uwatu. Mbegu hizi zina ute unaopunguza kasi ya sukari kuingia kwenye damu. Majaribio machache kwa watu yameonyesha dalili njema, lakini ni madogo. Ukiutumia pamoja na vidonge, daktari ajue.

Mlonge. Majani yake ni chakula kizuri. Kuyala hakuna ubaya kwa watu wengi, ila hayajathibitishwa kuwa dawa ya sukari.

Ogaka, yaani mshubiri. Huu ndio unaonitia wasiwasi zaidi. Yale maji ya manjano yaliyo chini ya ngozi ya jani huharisha. Mgonjwa wa sukari akiharisha siku tatu hupoteza maji na chumvi za mwili, figo zinaumia, na moyo unaweza kwenda mrama. Nimewapokea wagonjwa wa namna hiyo, ndimi zimekauka, hawawezi kusimama.

Mama mjamzito, na mama anayenyonyesha, tafadhali usitumie lolote kati ya haya kama dawa bila kumwambia mkunga wako. Mwarobaini hasa hauwafai wajawazito.

Kikombe cha Loliondo

Mtakumbuka mwaka 2011. Nchi nzima ilizungumza habari za Babu wa Loliondo, Mchungaji mstaafu Ambilikile Mwasapila, katika kijiji cha Samunge, Tanzania. Kikombe kimoja kwa shilingi 500 za Tanzania, na magonjwa yaliyotajwa kupona yalikuwa pamoja na kisukari, saratani na ukimwi. Magari yalijipanga kilomita nyingi. Wakenya walivuka mpaka kwa maelfu, hata kutoka huku kwetu watu walichanga nauli.

Mti uliochemshwa waliuita mugariga. Je, wajua ni mti gani? Ni jamaa ya ochuoga, ile ile ambayo wengi wetu tulichuma matunda yake meusi utotoni tukirudi kutoka shule. Ochuoga haikumdhuru mtu, na sisemi yule mzee alikuwa na nia mbaya. Madhara yalitoka kwingine. Wagonjwa walitolewa vitandani hospitalini wakabebwa safari ya siku nyingi, na wengine walifariki kwenye foleni. Wengine walirudi nyumbani wakiwa na imani kwamba wamepona, wakaacha vidonge, wakaacha insulini, wakaacha kwenda kupimwa.

Nawaomba mlishike hilo kuliko yote nitakayosema leo. Kikombe kinachokuja peke yake pengine hakikudhuru. Kikombe kinachokuja na maneno "acha dawa za hospitali" ndicho kinachozika watu. Mganga yeyote, mchungaji yeyote, jirani yeyote atakayekuambia uache dawa, mwambie kwa heshima, "Asante, nitakwenda kwanza kupimwa."

Chupa isiyo na jina

Kuna majani unayoyachuma mwenyewe na kuyajua. Halafu kuna chupa na unga unaouzwa kwa kipaza sauti stejini, ndani ya matatu na sokoni, dawa moja inatibu sukari, presha, mgongo na nguvu za kiume. Hapo ongeza tahadhari mara mbili.

Jambo la kwanza, nyingi huchanganywa na asali ili zinyweke. Asali ni sukari. Imetoka kwa nyuki, si dukani, lakini damu yako haitofautishi.

Jambo la pili ni baya zaidi. Mwaka 2008 huko Singapore, katika miezi mitano tu, watu 150 wasio na kisukari walilazwa hospitalini sukari ikiwa imeshuka vibaya sana. Wanne walifariki. Uchunguzi ulikuta kwamba dawa za nguvu za kiume zilizokuwa zikiuzwa kichichini, baadhi zikiitwa za mitishamba, zilichanganywa na glibenklamidi, kidonge cha hospitali cha kushusha sukari, kwa kiasi kikubwa. Kwa hivyo ukiona "dawa ya asili" imeshusha sukari yako haraka ajabu, usishangilie mara moja. Jiulize ndani kuna nini.

Hapa Kenya, dawa ya mitishamba iliyofungashwa inatakiwa isajiliwe na Bodi ya Famasia na Sumu. Muulize muuzaji nambari ya usajili, jina la mtengenezaji, mahali pake na tarehe ya kuisha nguvu. Akianza kukasirika, jibu umeshalipata.

Sukari ikishuka

Tunaogopa sukari kupanda, lakini ikishuka inaweza kumuua mtu kwa saa chache. Hutokea zaidi mtu anapomeza vidonge kama glibenklamidi au kudunga insulini, kisha akaongeza kikombe cha majani, au akakosa kula. Dalili zake ni kutetemeka, jasho jembamba, njaa ya ghafla, moyo kwenda mbio, kuchanganyikiwa, hata kusema ovyo kama mlevi. Ndugu zetu wa boda boda, mkimbeba abiria wa namna hii msimtupe mkidhani amelewa.

Akiwa anaweza kumeza, mpe vijiko vitatu au vinne vidogo vya sukari kwenye maji, au nusu glasi ya soda ya kawaida. Subiri dakika 15, mpime tena ikiwezekana, kisha ale chakula. Akiwa amezimia, usimtie chochote mdomoni. Mlaze ubavu na umkimbize hospitali mara moja.

Na ikipanda sana utaona kiu isiyokatika, kukojoa kila wakati, kutapika, kupumua kwa kasi, pumzi yenye harufu kama ya matunda yaliyoiva kupita kiasi, na usingizi usio wa kawaida. Hiyo pia ni ya hospitali, wala si ya kusubiri asubuhi.

Mimea yenye nguvu iko kwenye sahani

Sasa niwape habari njema. Mmea unaomsaidia mgonjwa wa sukari, ambao sisi wa kliniki tunaupigia debe bila wasiwasi, mnao tayari. Ni osuga, dek, apoth, mitoo na boo. Mboga hizi zina nyuzinyuzi, zinashibisha, na hazipandishi sukari sana. Mama mboga wa Manyatta huziuza kila jioni. Wengi wetu tumeziacha tukidhani ni chakula cha maskini, tunanunua chipsi, halafu tunakwenda kununua majani machungu kwenye chupa kwa bei ya juu.

Gawanya sahani yako hivi: nusu iwe mboga. Robo iwe samaki, omena, maharagwe, ndengu au yai. Robo iliyobaki iwe ugali, wali au viazi. Najua robo ya ugali kwa Mjaluo ni kama matusi! Lakini anza kwa kupunguza kipande kimoja wiki hii, kingine wiki ijayo.

Tahadhari moja. Watu husema ugali wa mtama au wimbi haupandishi sukari. Ni bora kuliko wa unga mweupe uliokobolewa, lakini bado ni wanga. Mlima wa kuon mweusi utapandisha sukari vile vile. Kinachohesabika ni ukubwa wa bonge, si rangi peke yake.

Punguza sukari kwenye chai, acha soda na juisi za paketi. Tembea nusu saa kwa siku, angalau siku tano kwa wiki. Mguu unaotembea hutumia sukari hata insulini ikiwa haba. Hiyo ni tiba isiyokuwa na bei.

Mambo matano ya kwenda nayo nyumbani

Kwanza, pimwa. Kama umepita miaka 40, kama una mzazi au ndugu mwenye sukari, kama una presha au uzito mkubwa, au kama ulipata sukari ukiwa mjamzito, usingoje dalili. Wahudumu wa afya ya jamii walipewa mikoba yenye vifaa vya kupima sukari na presha tangu mwaka 2023. Muulize anayezuru nyumba yako, au nenda kituo cha afya kilicho karibu nawe.

Pili, usiache dawa bila kuongea na aliyekupa. Zikikusumbua tumbo, sema. Zikikosekana au pesa zikikosekana, sema pia. Kuna njia ya kusaidiana, lakini hatuwezi kusaidia shida tusiyoijua.

Tatu, taja majani yako. Njoo nayo kwenye kikapu, jani bichi kabisa, au chupa na karatasi yake. Tuambie umeanza lini na unakunywa kiasi gani. Tutaandika kwenye kitabu chako, tutapima figo na sukari, na tutakuambia kwa ukweli kama ni salama kwako.

Nne, angalia miguu kila usiku. Kama hauoni vizuri, mjukuu akuangalilie. Usiichome kwa maji moto, usifunge kidonda kwa majani, usikikate kwa wembe. Mguu wenye sukari hausikii maumivu, kwa hivyo macho ndiyo mlinzi wake. Ukiona lengelenge, njoo siku hiyo hiyo.

Tano, wanaotumia insulini na hawana friji, wasiitupe wala wasiiache juani. Nyungu ya udongo iliyowekwa ndani ya chombo chenye mchanga uliolowa, mahali penye kivuli, huweka ubaridi unaotosha kwa chupa unayoitumia. Huo ni ujuzi wa bibi zetu, na hospitali inaukubali.

Kwa waganga wetu wa miti shamba walio hapa, nami nawaona mmeketi pale nyuma: nyinyi wagonjwa huwafikia mapema kuliko sisi, na huwaambia mambo wasiyotuambia. Mtu akija kwako ana kiu, anakojoa usiku kucha na amekonda, mtume kwanza akapimwe. Mtoto akija hivyo, usimguse, mlete mbio. Ukifanya hivyo hujapoteza mteja, umeokoa mtu wa mtaa wako.

Namalizia. Mama yangu aliishi miaka sita zaidi baada ya mguu kukatwa. Alimeza dawa zake, alipima sukari kila wiki, na aliendelea kupanda osuga yake nyuma ya nyumba akiwa ameketi kwenye kiti. Mimi nami nilibadilisha swali langu kliniki. Zamani niliuliza, "Unatumia miti shamba?" na kila mtu alijibu hapana. Siku hizi nauliza, "Mama, unatumia majani gani?" Wananijibu. Wengine hufungua mkoba wakanionyesha. Tangu hapo nimejua mengi kuliko niliyofundishwa chuoni, na wagonjwa wachache zaidi hunishtua kwa vidonda nisivyovijua.

Basi mkija kliniki, msiningojee niulize. Njooni nayo mkononi.